Kumtengenezea Rafiki Kadi

Jioni hii sina habari za kilimo wala za afya. Nataka kusema juu ya karatasi, kisu, na gundi ya unga. Yaani jinsi mtu awezavyo kumtengenezea rafiki yake kadi kwa mikono yake mwenyewe. Najua wako watakaosema, "Mwalimu ametuletea mchezo wa watoto." Nami zamani nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Kwa hiyo yafaa nianze na habari ya jinsi nilivyobadili fikira zangu.

Nilipokuwa nikisomea kazi ya ualimu nilikuwa na rafiki mmoja, tukilala chumba kimoja na kula sahani moja. Mwaka wa pili akashikwa na kifua kikuu, akapelekwa hospitali iliyo mbali, safari ya kutwa nzima. Akalala huko miezi minne. Nilitaka kumpelekea neno la kumfariji. Basi nikaweka akiba fedha yangu ya sabuni, nikaenda dukani nikanunua kadi. Ilikuwa kadi nzuri sana. Ilikuwa na picha ya nyumba iliyofunikwa theluji, na ndege mdogo mwenye kifua chekundu juu ya uzio. Na ndani yamepigwa chapa mashairi ya Kiingereza, mistari minne. Nikaandika jina langu chini yake, nikaipeleka posta, nikajiona nimetimiza wajibu wangu.

Alipopona na kurudi, nikamwuliza kama aliipata. Akasema, "Naam, niliipata, ahsante. Niliiweka dirishani, wauguzi wakaisifu." Kisha, bila kuulizwa, akanihadithia habari ya mzee aliyelala kitanda cha pili. Mzee huyo aliletewa karatasi iliyochanwa katika daftari na kukunjwa mara mbili. Mjukuu wake alikuwa amechora ng'ombe na ndama, na chini ameandika kwamba ndama amezaliwa Jumanne, ana doa jeupe usoni, nao wanamngoja babu arudi ampe jina. Karatasi ile ilizunguka wodi nzima, kitanda kwa kitanda. Watu waliokuwa hawajasemezana wiki nzima wakabishana kwa ajili ya jina la ndama. Hata asiyejua kusoma aliitazama pembe iliyopinda, akasema, "Mama yake ndama huyu ni mkali, msimkaribie."

Rafiki yangu hakusema neno hata moja la kunilaumu. Lakini nilimkumbuka yule ndege wangu mwenye kifua chekundu, ambaye si mimi wala si rafiki yangu tuliyepata kumwona maisha yetu, nikaona haya.

Baadaye nikatafuta kujua kadi za kupigwa chapa zilianzaje. Kadi ya kwanza ya Krismasi iliyouzwa madukani ilitolewa London mwaka 1843. Aliyeiagiza ni Bwana Henry Cole, na aliyeichora ni John Callcott Horsley. Bwana Cole alikuwa mmoja wa wale waliosaidia kuanzisha posta ya bei rahisi, peni moja kwa barua, mwaka 1840. Posta ilipokuwa rahisi barua zikawa nyingi, naye hakupata nafasi ya kumjibu kila mtu. Basi akapiga chapa kadi kama elfu moja, zote zenye picha moja na salamu moja, na zile asizozitumia zikauzwa kwa shilingi moja kila moja, bei kubwa kwa siku zile. Simlaumu. Mtu mwenye barua nyingi mezani na kazi nyingi mkononi afanyeje? Walakini mjue kwamba kadi ya duka ilizaliwa kwa sababu mtu hakuwa na nafasi ya kuandika. Sisi wengine rafiki zetu wa kweli hawazidi vidole vya mikono miwili, na nafasi tunayo.

Jambo jingine dogo kabla hatujashika kisu. Neno letu "karatasi" tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Wayunani. Neno "kadi" tumelipata kwa Waingereza, nalo asili yake ni neno lile lile la Wayunani, lililopita kwa Walatini na Wafaransa. Kwa hiyo maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, waliofika kwetu kwa njia mbali mbali.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Kitu cha kwanza cha kujua, na ambacho watu wengi hawakijui, ni kwamba karatasi ina njia yake, kama ubao ulivyo na njia yake. Fundi seremala hawezi kupiga randa kinyume cha nyuzi za mti ila ubao utachanika. Karatasi nayo imefanywa kwa nyuzi ndogo sana za miti au za majani. Kiwandani rojo la nyuzi hizo humiminwa juu ya wavu unaokwenda mbio, na nyuzi nyingi hulala kuelekea upande uendako wavu, kama vijiti vinavyochukuliwa na mto. Ndiyo sababu karatasi ya kiwandani hukunjika kwa upole upande mmoja, na upande wa pili hubisha. Nawe ukiilazimisha, mkunjo hutoka na meno meno, na rangi iliyo juu yake hupasuka.

Utaijuaje njia ya nyuzi? Chukua karatasi yako nene, mathalan jalada la daftari lililokwisha, uipinde polepole bila kuibana, kana kwamba wataka kuifanya bomba. Kisha igeuze uipinde kwa upande wa pili. Vidole vyako vitakuambia ni upande gani usiobisha. Ukipinda kwa upande huo, nyuzi zimelala sawa na urefu wa lile bomba. Kama vidole havikukuambia kitu, kata kipande kidogo pembeni, ukilowanishe uso mmoja kwa mate au maji. Kitajikunja chenyewe, na urefu wa bomba lake ndio njia ya nyuzi. Au chana gazeti la zamani. Ukichana kutoka juu kwenda chini, aghalabu laenda moja kwa moja kama uzi. Ukichana kutoka kushoto kwenda kulia, lakwenda upogo kama mlevi. Jaribuni kesho, mtaona.

Mwanafunzi mmoja katika chuo chetu alikesha akichora kadi ya rafiki yake wa nyumbani. Alichora watu wawili wamepeana mikono, mmoja kulia na mmoja kushoto. Asubuhi akaikunja katikati, kinyume cha nyuzi. Rangi ikapasuka pale pale penye mikono, ikawa kama kwamba wale wawili wamegombana. Alitaka kulia. Nikamwambia aipeleke hivyo hivyo na kueleza kisa chake ndani. Sijui kama alinitii.

Ili mkunjo uwe mzuri, weka rula mahali pa kukunja, upitishe mgongo wa kisu mara moja tu, pasipo kukata. Kisha kunja kwa kufuata alama ile, ukandamize kwa mgongo wa kijiko. Mafundi wa kujalidi vitabu hutumia kipande cha mfupa kilicholainishwa, lakini kijiko chatosha.

Gundi si lazima kununua. Chukua kikombe kimoja cha unga wa muhogo au wa ngano, uukoroge kwa maji baridi mpaka usiwe na madonge hata moja. Chemsha vikombe vinne vya maji. Yakitokota, mimina ule unga uliokorogwa kidogo kidogo, huku mkono wa pili wakoroga bila kupumzika. Weupe wake utapungua, na gundi itaanza kung'aa. Hapo epua, uiache ipoe. Ipake nyembamba kabisa. Wanaoanza hudhani kwamba gundi nyingi hushika zaidi, kumbe hukunja karatasi na kuchelewa kukauka, na mwisho huota ukungu. Gundi hii hudumu siku chache tu, kisha huchacha. Matone mawili ya mafuta ya karafuu huichelewesha kuharibika.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Kadi ya kwanza niliyomtengenezea rafiki yangu yule, miaka mitatu baada ya ugonjwa wake, niliipaka gundi kama mtu apakaye udongo ukutani. Niliweka juu yake picha ya uwanja wetu wa mpira, imekatwa kwa vipande vya karatasi za rangi. Akanijibu kwamba aliiweka sandukuni, na mende wakala magoli yote mawili na nusu ya mwamuzi, "lakini mpira umebaki, nao nimeuhifadhi."

Sasa mapambo. Hapa kila mtu ana akili yake, nami sitaki kuwafunga. Nitataja machache tu yasiyo na gharama. Bamia ikikatwa kwa upana na kuchovywa katika rangi huacha alama nzuri ya nyota. Bua la jani la mpapai, kwa kuwa ni wazi ndani, huacha duara. Kiazi kitamu kilichokatwa nusu chaweza kuchongwa kuwa muhuri wa sura yo yote uipendayo, samaki au jani au nyumba. Acha kipande kikauke uso kidogo kabla ya kukitumia, kwa maana majimaji yake hufukuza rangi. Ukichonga herufi, kumbuka kwamba muhuri hugeuza kila kitu. Mimi nilichonga neno SALAMU nikalipiga kwa fahari kubwa, likaanzia mwisho. Herufi A, M na U hazikudhurika, maana pande zake zote mbili ni sawa, lakini S na L zilikuwa zikitazama nyuma kama watu waliosahau kitu nyumbani.

Kwa rangi nyeusi, masizi ya sufuria hayapatani na maji matupu. Yasage pamoja na gundi kidogo, yatakubali. Mbegu za mzingefuri zikisuguliwa katika maji yenye magadi kidogo hutoa rangi ya machungwa. Na manjano ile ya kupikia ina ajabu yake ambayo wanafunzi wangu hawaichoki. Koroga manjano katika maji machache, paka karatasi yote, uiache ikauke. Kisha chukua kijiti, kichovye katika maji ya magadi, au maji ya majivu yaliyochujwa, uandike juu yake. Pale kijiti kipitapo, umanjano hugeuka kuwa wekundu wa damu ya mzee. Hapana uchawi. Rangi ya manjano ndiyo tabia yake, hubadilika ikutanapo na magadi, majivu, chokaa au sabuni; kila mama aliyefua nguo iliyomwagikiwa mchuzi amekwisha kuliona jambo hilo. Lakini nawaonya kwamba manjano hupauka upesi juani. Itumieni ndani ya kadi, si juu.

Wakaao penye migomba wanayo hazina. Maganda makavu ya mgomba yana rangi nyingi, tangu rangi ya majani makavu mpaka rangi ya kahawa, na mengine yana michirizi kama mbao. Yachane nyembamba, yalowanishe kidogo, yabanwe katikati ya vitabu vizito usiku mmoja yanyooke, ndipo ukate umbo ulitakalo na kulibandika. Kadi za namna hii huuzwa kwa wageni mijini, na nyingi zina twiga chini ya jua linalokuchwa. Sina ugomvi na twiga. Lakini kama rafiki yako amekulia Bukoba nawe wamfanyia kadi ya maganda ya migomba ya kwao, twiga wa nini? Mfanyie mtumbwi, au njia ya kwao yenye kilima alichokuwa akikilalamikia.

Mwenye bidii zaidi aweza hata kuifanya karatasi yenyewe. Kazi hii ni ya zamani sana. Wachina huitaja habari ya Cai Lun, mtumishi wa mfalme, ambaye mwaka 105 alieleza jinsi ya kufanya karatasi kwa magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu. Nasi twaweza kutumia karatasi chakavu. Zichane vipande kama ukucha wa gumba, zilowekwe usiku kucha, kisha zitwangwe kinuni polepole mpaka ziwe kama uji. Mimina uji huo katika beseni pana lenye maji tele. Tengeneza fremu ndogo ya vijiti, uiwambe kipande cha chandarua kuukuu. Izamishe, iinue ikiwa imelala sawasawa, uitikise kidogo maji yachuruzike. Igeuze juu ya kitambaa, funika kwa kitambaa cha pili, ukandamize kwa mawe. Baada ya saa chache ibandue uianike kivulini. Karatasi hii haina njia ya nyuzi, kwa maana nyuzi zake zimelala huku na huku. Waweza kuikunja utakavyo. Wino hutambaa juu yake, basi kwanza ipake uji mwembamba sana wa wanga, uiache ikauke. Huko Mwaluganje, katika nchi ya Kwale, Kenya, watu wamefanya karatasi hata kwa kinyesi cha tembo, maana tembo hula majani na magome, na nyuzi nyingi hupita tumboni mwake pasipo kusagika. Huchemshwa vizuri kwanza, msiwe na shaka.

Neno moja kwa walimu wenzangu. Bwana Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo Blankenburg mwaka 1837, aliweka kazi ya kukunja, kukata na kusuka karatasi katika mafundisho yake, kwa kuwa aliona mtoto hufikiri pamoja na vidole vyake. Sisi twamsoma katika vyuo, twajibu maswali yake katika mtihani, kisha twaingia darasani, twachora ua moja ubaoni na kuwaamuru watoto arobaini walichore ua hilo. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe miaka mingi, tena nikatoa alama nyingi kwa walioniiga vizuri. Kadi arobaini za ua moja ni kazi ya Bwana Cole, tena yeye alikuwa na mashine. Siku hizi nawauliza kwanza, "Kadi hii ni ya nani?" Asiyeweza kunitajia jina la mtu hapewi karatasi mpaka alipate.

Nalo ndilo swali la maneno yatakayoandikwa ndani, sehemu inayowashinda watu wengi kuliko kukunja. Mtu huketi na kadi nzuri mbele yake, kisha huandika, "Ama baada ya salamu, dhumuni la kadi hii ni kukujulia hali, mimi mzima hofu ni kwako." Haya si maneno mabaya, wazee wetu waliyatumia, lakini yaweza kupelekwa kwa mtu ye yote duniani. Andika jambo moja ambalo ni yeye tu atakayelifahamu. Ndama mwenye doa jeupe. Mlango wa bweni uliokuwa ukilia usiku. Deni la senti hamsini ambalo hamkubaliani ni nani anayelidai. Mistari mitatu yatosha, kwa mwandiko wako hata kama si mzuri. Na kama rafiki yako hajui kusoma, usimwache. Mchoree, au bandika ndani jani lililokaushwa kitabuni la mti mliokuwa mkikaa chini yake. Jani likauke kabisa, wiki mbili, ama sivyo litaoza na kuchafua kadi.

Mwisho, bahasha. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina upana wa sentimita 21. Kata mraba wa sentimita 21 kila upande, uulaze pembe moja ikielekea kwako. Kadi isizidi sentimita 10 kwa 14. Iweke katikati, kunja kwanza pembe za kulia na kushoto zikutane, kisha ile ya chini ukiipaka gundi kingoni, na ya juu iwe kifuniko. Ukanda uliobaki usiutupe, waweza kujaribia mihuri na rangi.

Rafiki yangu yule ni mwalimu mkuu sasa, katika shule ya pwani. Kila mwaka, mwezi ule aliotoka hospitali, twapelekeana kadi. Yake ya mwaka huu ilinifikia juma lililopita. Amechora mwembe uliokuwa nyuma ya bweni letu, umeanguka, mizizi juu, na ndani ameuliza kama ni kweli kwamba umeanguka, maana aliota ndoto. Kweli umeanguka, katika mvua za masika. Nimeokota majani yake na kuyatwanga pamoja na karatasi chakavu. Bado ziko chini ya mawe, hazijakauka. Kwa herini.